Mkono wa Mama Pampu

Kwenye ofisi ya maji wanamwita Mama Pampu, ingawa hajawahi kushika pampu hata siku moja. Pampu zenyewe ziko mbali, kando ya mto, zinanguruma ndani ya banda la matofali, na yeye yuko mjini, ghorofa ya chini, kwenye chumba kilichobanwa kati ya stoo ya mabomba na choo cha wafanyakazi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila asubuhi ukurasa mmoja kwenye kompyuta unafunguka. Ukifunguka, unabonyeza hapa pampu inaamka, unabonyeza pale valvu inaachia, maji yanapanda hadi kwenye tangi la kilimani, na mtaa wa juu wote unaoga. Usipofunguka, mtaa wa juu unakumbuka kwamba ofisi ya maji ina namba ya simu.

Mtu anaweza kudhani kufungua ukurasa ni kazi ya kidole kimoja. Ungekuwa wa kisasa, sawa. Huu ni wa kizamani na una maringo yake. Haufunguki kwenye kivinjari chochote ila kile kimoja cha zamani. Kivinjari nacho hakiuoni mpaka kibandikwe kipande cha programu cha pembeni, kile wanachokiita programu-jalizi. Na hiyo programu-jalizi haiendi mpaka chini yake kuwe na programu nyingine ya kuiendesha, tena toleo lile lile, si jipya zaidi wala si kuukuu zaidi. Mume wake, ambaye ni mwalimu wa udereva na watu wote humwita Mwalimu hata sokoni, alipoelezwa alisema basi ni kama gari: kuna bodi, kuna usukani, kuna injini, na hakuna kinachokubali spea ya gari jingine. Mama Pampu alimwambia hajawahi kupata mtu aliyemwelewa vizuri hivyo, na siku hiyo Mwalimu alitembea kifua mbele.

Kompyuta yenye vitu hivyo vyote ni moja tu, imewekwa pembeni, na jina lake ni Bibi. Ni nzito, ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na ikiwaka inaguna kwanza. Juu yake Mama Pampu amebandika karatasi: USIGUSE. IKIKUULIZA CHOCHOTE, JIBU BAADAYE. Maana Bibi, kama mashine zote, kila mara inauliza kama ungependa kuisasisha, na dunia hii imejaa watu ambao wakiulizwa swali na mashine hujibu ndiyo. Mtu huyo huyo ukimwomba akusogezee kiti atakuuliza kwa nini. Lakini mashine ikimwambia bonyeza hapa, anabonyeza, tena kwa tabasamu.

Yeye ndiye anayefika wa kwanza. Anafungua mlango kwa bega kwa sababu unashika, anatundika mkoba kwenye msumari, anawasha Bibi, anafungua dirisha. Bibi inapomaliza kuguna, anabonyeza kona ya skrini, anaandika kidogo huku amesimama bado, halafu anakwenda kuosha kikombe. Akirudi anakaa, anafungua ukurasa, na pampu zinaamka. Wenzake wanapoanza kuingia wakilalamikia jua au mvua, maji yameshafika nusu ya njia. Anaipenda kazi hii. Hasemi sana, lakini anaipenda. Akipita mtaa wa juu akaona mtu anafua nguo nje, hujisikia vizuri moyoni kama yeye ndiye aliyempelekea ile ndoo.

Shida yake ilikuwa moja: hakuna mwingine aliyeweza kuifanya. Kitindamimba wake, binti pekee baada ya wavulana wawili, alikuwa ameondoka nyumbani kwenda kufanya kazi mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Huko akaolewa. Mama Pampu na Mwalimu walikwenda harusini, wakafika jioni, na kabla shamrashamra hazijakolea simu ikalia: kuna mtu kaijibu Bibi ndiyo. Wakageuza asubuhi. Mwaka uliofuata akaomba likizo tena, na alipokuwa bado anafunga mizigo, kijana wa kuondoa virusi vya kompyuta akapita ofisini, akaiona ile programu-jalizi ya kizamani, akaifuta kama mtu anayeua nyoka. Likizo ikafia kitandani pamoja na sanduku lililo wazi.

Sasa binti alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Alipopiga simu hakulalamika. Alisema, "Mama, usipoweza kuja, nitaelewa. Najua kazi yako." Mama Pampu aliikata simu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Angetukanwa angepata la kujibu. Kueleweka namna ile kulimchoma.

"Safari hii nakwenda," alimwambia Mwalimu. "Hata mto ukauke."

"Ukikauka si ndiyo utapata likizo ndefu," Mwalimu akasema.

Akaenda kwa meneja, akaomba apewe mtu wa kumfundisha. Akapewa Taratibu. Huyu alikuwa msoma mita kwa miaka mingi, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, ambaye magoti yalimwomba radhi akahamishiwa ndani. Jina la Taratibu alilipata kwa sababu hakuamini namba yoyote mpaka ameisoma mara mbili, na ya pili huisoma kwa sauti. Wengine walicheka kwamba ukimpa Taratibu chai ya moto atainywa baridi. Mama Pampu alifurahi sana. Mwenda pole hajikwai, na Bibi haikuhitaji mtu wa mbio.

Alimfundisha vizuri, hilo asisingiziwe. Alimwonyesha kivinjari. Alimwonyesha programu-jalizi inavyoruhusiwa, na mahali pa kuandika anwani ya ukurasa wa pampu ili programu ya chini iuamini. Akamfundisha kusema Baadaye. Kisha, kwa ujasiri uliomtoa jasho yeye mwenyewe, alifuta kila kitu mbele ya macho yake akamwambia, "Haya, kaka yangu, rudisha." Taratibu akarudisha, kipande kwa kipande, akisoma kila neno kwa sauti, hadi ukurasa ukafunguka na vidude vya pampu vikageuka kijani.

"Dada," Taratibu akasema, akijifuta paji la uso, "hii si kazi. Hii ni kufunga ndoa."

"Umeshaoa," Mama Pampu akamwambia. "Mimi nakwenda kulea mjukuu."

Basi la kwenda kule lilikuwa moja tu kwa siku, na lilikuwa likiondoka asubuhi. Siku ya safari mume na mke walifika stendi mapema, na mizigo yao ilikuwa imepangwa kwa mkono wa Mwalimu, kizito chini, chepesi juu, kama anavyowafundisha wanafunzi wake kupakia buti. Mama Pampu alikuwa amepakata kikapu cha nguo za mtoto alizofuma mwenyewe, nyingine kubwa mno, nyingine zingemtosha mdoli. Alikuwa na furaha ya mtu anayesubiri kitu ambacho tayari kiko mlangoni.

Simu ikalia.

"Dada, shikamoo ya asubuhi," akasema Taratibu, naye si mdogo wake kihivyo, ila shida huongeza heshima. "Ukurasa umekataa."

"Unasema nini ukikataa?"

"Unasema programu imezuiwa kwa ajili ya usalama. Nimeusoma mara mbili."

Mama Pampu akamuuliza, kivinjari ni kile kile? Ni kile kile. Kuna mtu amejibu ndiyo? Hakuna aliyeingia, mlango kaufungua yeye. Programu-jalizi ipo? Ipo. Imeruhusiwa? Imeruhusiwa. Ile ya chini? Ipo, toleo ni lile lile, akaisoma namba yake yote hadi mwisho, kisha akairudia. Anwani imeandikwa? Akaisoma herufi kwa herufi huku watu wa stendi wakimgeukia Mama Pampu, kwa jinsi alivyokuwa akiitikia kila herufi kama mtu anayejibu maombi.

"Basi futa kila kitu uweke upya," akamwambia.

"Nimeshafanya hivyo, dada, kabla sijakupigia. Sikutaka kukusumbua."

Kila kitu kilikuwa sawa, na ukurasa ulikuwa umekataa. Tangi la kilimani lilikuwa na maji ya kufika mchana tu, na valvu hazikuweza kufunguliwa kwa mikono, kwani magurudumu yake yalikuwa yameshikana kwa kutu tangu enzi ya meneja wa kabla ya huyu. Huko juu ndiko ilikokuwa hospitali. Kondakta akapita akigonga ubavu wa basi kwa kiganja. "Wasafiri, tunaingia."

Mama Pampu akakishusha kikapu chini. "Mwalimu," akasema, "wewe nenda. Mpelekee nguo. Mwambie," halafu akashindwa kujua amwambie nini, maana lile neno nitaelewa lilikuwa limeshasemwa, na hakutaka kulisikia tena maishani mwake.

Mwalimu alikuwa akimtazama mke wake kwa jicho analowatazamia wanafunzi kwenye mlima wakati gari linaanza kurudi nyuma. "Nani huingia wa kwanza asubuhi?" akauliza.

"Mimi."

"Na ulipokuwa unamfundisha, nani aliiwasha?"

"Mimi. Yeye anakuta imewaka. Mwalimu, hili basi..."

"Sikiliza, mama. Nimefundisha watu kuendesha gari mpaka koo limekauka. Unajua mwalimu mbaya kuliko wote ni nani? Dereva mzuri. Muulize dereva wa miaka mingi anaondoaje gari, atakwambia anakanyaga, anaingiza gia, anaondoka. Hatakwambia ameachia klachi pole pole, kwa sababu hajui kama ameiachia. Mguu ndio unaojua. Kwa hiyo mimi simuulizi. Namkalisha kwenye kiti namwambia endesha, mimi natazama mguu." Akampokea ile simu, akaishika karibu na mdomo wake. "Bwana Taratibu, subiri kidogo hapo hapo. Mama, ingia ofisini."

"Nini?"

"Ni asubuhi. Umefika. Ingia ofisini."

Mbele ya abiria, wauza maji na mbwa mmoja aliyelala, Mama Pampu akahisi uso unawaka kwa aibu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akafumba macho, akausukuma mlango kwa bega. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasogea kumpisha. Akatundika mkoba kwenye msumari ambao haupo. Akainama, akawasha Bibi. Akanyoosha mikono, akafungua dirisha. Akarudi, na akiwa bado amesimama mkono wake wa kulia ukashuka, kidole kikagonga hewa pembeni chini, kisha vidole vyote vikacheza haraka haraka, tap tap tap, kisha kimoja cha mwisho.

"Simama hapo," Mwalimu akasema. "Umefanya nini?"

"Nakwenda kuosha kikombe."

"Kabla ya kikombe. Mkono wako umeandika kitu."

Mama Pampu akafumbua macho akautazama mkono wake kama aliyekuta mkono wa jirani mfukoni mwake. Kisha akajipiga paji la uso kwa sauti ambayo Taratibu aliisikia kwenye simu.

"Tarehe," akasema. "Mungu wangu, tarehe."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Programu-jalizi ile ilitoka kwa watengenezaji ikiwa na cheti cha kuonyesha kwamba ni halali, na cheti kilikuwa cha mwaka mmoja. Mwaka ukaisha. Watengenezaji nao walikuwa wameshafunga duka, hakuna wa kutoa kingine. Basi Mama Pampu akagundua dawa: ukirudisha tarehe ya kompyuta hadi mwaka ule, Bibi inaamini kwamba cheti bado kina uhai, na kila kitu kinakwenda. Pampu zina saa zao zenyewe, hazijali. Tatizo ni kwamba Bibi ikizimwa na kuwashwa hujiokotea tarehe ya kweli kutoka kwenye mtandao, kwa hiyo kila asubuhi lazima idanganywe upya. Amekuwa akiidanganya kila asubuhi kwa muda mrefu hata uongo ule ukahama kichwani, ukakaa kwenye vidole. Alimfundisha Taratibu yote aliyoyajua. Hili hakulijua tena, alilifanya tu.

"Kaka," akasema kwenye simu, "tazama kona ya chini. Tarehe inasemaje?"

"Ya leo hii hii. Tena nilifurahi, dada. Wiki nzima nilikuwa naiona imebaki nyuma miaka, nikasema moyoni, maskini, uzee. Leo nimekuta imerudi sawa, nikaogopa kuisemea isije ikaharibika."

Kondakta akaja kusimama mbele yao mikono kiunoni. Mwalimu akamwinulia kiganja, kama anavyowainulia magari mengine wanafunzi wake wanapozima injini katikati ya barabara, na kondakta, kwa sababu asiyoijua mwenyewe, akasubiri.

"Ibadilishe," Mama Pampu akasema. "Andika kumi na nne, mwezi wa nane." Akamtajia mwaka. "Kisha funga kivinjari, ufungue tena."

Kwenye simu ilisikika sauti ya Taratibu akiisoma tarehe mara moja, na akiisoma tena. Kisha Bibi ikiguna.

"Kijani," Taratibu akasema. "Dada, ni kijani zote." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshusha gunia. "Ila niulize ili nijue, lazima iwe kumi na nne mwezi wa nane?"

"Si lazima. Siku yoyote ya mwaka ule inafaa."

"Basi nitaweka hiyo hiyo yako. Nisijaribu bahati. Nenda, dada. Msalimie mtoto, mwambie maji yapo."

Wakapanda. Abiria mmoja akampigia Mama Pampu makofi kidogo, akidhani labda ni mchezo wa kuigiza. Basi likatoka mjini, likapita chini ya kilima chenye tangi, na Mama Pampu akaegemeza kichwa kwenye kioo akilitazama hadi likapotea. Alikuwa ametulia. Mwalimu alikuwa anapiga hesabu.

"Kumi na nne mwezi wa nane," akasema baadaye. "Mbona naijua tarehe hiyo?"

Mama Pampu aliendelea kutazama nje.

"Kitindamimba aliondoka mwaka ule ule, tarehe kumi na tano," Mwalimu akaendelea, pole pole. "Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka pale stendi. Kumi na nne alikuwa chumbani kwake, anafunga mizigo, anaimba. Wewe ulikuwa unamwambia apunguze sauti."

"Siku yoyote ingefaa," Mama Pampu akasema. "Nilipotakiwa kuchagua ndiyo iliyokuja. Sikufikiria."

"Najua hukufikiria."

"Nikawa nayo tu. Kila asubuhi nikifika kazini, yeye yuko nyumbani bado." Alisema hivyo bila kuficha, na macho yake yakalowa, na hakuona haya. Mwalimu akamshika ule mkono wa kulia, wenye vidole vinavyojua mambo, akaupakata mpaka walipofika mji unaofuata, ambako aliuachia kwa sababu alitaka kununua karanga.

Walifika jioni. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mnene kidogo, amechoka kidogo, mzuri vilevile. Alimtazama mama yake kwanza, halafu akatazama nyuma yake, kana kwamba anatafuta simu itakayolia.

"Umekuja kweli," akasema.

"Nimekuja. Punguza sauti, utamwamsha mtoto," Mama Pampu akajibu, na binti akacheka mpaka mtoto akaamka.

Alikaa huko likizo yake yote. Siku za mwanzo alikuwa akiweka simu karibu, kwenye mfuko wa kanga, akiigusagusa. Haikulia. Taratibu alimtumia ujumbe siku moja tu, akimwarifu kwamba kijana wa virusi alipita tena na kwamba yeye alimzuia mlangoni kwa kumsomea karatasi ya Bibi kwa sauti, mara mbili. Mama Pampu alijisikia vibaya kidogo kwa kutohitajika, tusimfiche, kisha akamwogesha mjukuu na kujisikia vibaya kukaisha. Alikuwa hajui kwamba maji anayoyatuma kila siku yanaweza kuwa na kazi tamu hivyo.

Asubuhi aliyorudi kazini alifika wa kwanza. Akausukuma mlango kwa bega, akatundika mkoba, akawasha Bibi, akafungua dirisha. Bibi ikaguna. Akabonyeza kona, mkono ukaanza safari yake, moja, nne. Akauzuia. Safari hii akavuta kiti, akakaa kabisa. Akaifuta ile nne, akaandika tano.

Ukurasa ukafunguka vilevile, na maji yakaanza kupanda kilimani.